Kijani cha Sombe

Kaka yangu Twalibu alisikiliza magari kwa mfupa. Alikuwa na bisibisi ndefu ya chuma yenye mpini wa mti. Ncha yake aliiegemeza kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Wateja wageni walidhani anaigiza. Akimaliza alifuta mikono kwa kitambaa na kusema maneno mawili matatu tu: "Ni pampu ya maji," au "Beringi ya mbele inalia." Hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, kila ua wa pili ni gereji, lakini mafundi wenye vyeti waliposhindwa walikuja kwetu barabara ya kumi na saba kumwita aje asikilize.

Namkumbuka bwana mmoja wa Kiriri, mlimani kwa matajiri, aliyeshuka na gari jeusi linalong'aa. Alitaka kubadilishiwa mafuta tu. Twalibu akasikiliza, akamwambia beringi moja imechoka, haitafika Jumamosi. Bwana yule akakubali shingo upande. Ilipotolewa akaizungusha kiganjani mwake mara nyingi.

"Fundi, hii si nzima hii?"

"Ni nzima, patroni."

"Sasa umeitoa juu ya nini?"

"Juu leo ni nzima. Kesho haingekuwa nzima."

"Na mi nitajua je?"

"Hautajua," Twalibu akasema. "Ndiyo shida ya kazi yangu. Ukinisikia, hautajua. Usiponisikia, utajua."

Bwana akaondoka amenuna. Sisi tuliokuwa uani tukacheka mpaka Miza, mke wa kaka, akamwaga chai.

Mimi ni mdogo wake, Assia. Kwa mama tulizaliwa wawili tu. Baba alipofariki, Twalibu aliacha shule akashika spana ili mimi niendelee, nami nikafika mwaka wa nne wa sekondari kabla vita havijatufungia milango. Kwa hiyo nyumbani nilikuwa "mwenye kusoma". Barua nilisoma mimi, karatasi za hospitali nilisoma mimi, na kwenye madrasa ya mtaa niliwafundisha wasichana wadogo dua. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililolipa neno langu uzito ambao halikustahili.

Sikio alilosikilizia lilikuwa la kulia. La kushoto lilikufa mwaka 1994.

Siku hiyo alitakiwa kwenda mjini kutafuta gasketi. Alivaa viatu, akafika mlangoni, akarudi ndani kunywa maji. Akafika tena mlangoni, akarudi kuchukua kofia. Miza alikuwa anachambua mchele.

"We baba, una nini leo?"

"Sijui. Moyo yangu haitaki."

"Moyo yako haitaki ao miguu yako haitaki?"

Aliona haya, akaenda. Karibu na kituo cha mabasi mtu alitupa guruneti katikati ya watu na kukimbia. Miaka ile mambo hayo yalikuwa kama mvua, hukuuliza nani kaileta. Twalibu alirudi akiwa hai, na vipande vya chuma begani, na sikio la kushoto halikusikia kitu tena hadi mwisho wa maisha yake. Nilipokuwa nambadilisha bandeji aliniambia, "Nilisikia, Assia. Kama vile unasikia injini. Ilisema, mi nikaifunika kelele."

Tangu hapo moyo wake ulipokataa, hakwenda. Hakuulizia sababu. Kuna asubuhi alizobeba sanduku la vyombo, akafika kwenye kona, akageuka. Wenzake walimtania. Mteja mmoja, Aloys wa mtaa wa Mutanga Sud, alimngoja siku nzima na gari lililozimika, na kesho yake alikuja mwenyewe hadi uani kwa miguu, amelowa jasho.

"Niliambiwa nitafute fundi, hawakuniambia natafuta bibi harusi! Unangoja upambwe ndio utoke?"

"Nisamehe, Aloys. Jana haikukubali."

"Haikukubali nini? Kuna mutu alikufa huko jana?"

"Apana."

"Kuna aliyepigwa hata jiwe?"

"Apana. Jana kulikuwa shwari."

"Basi?"

"Basi nisamehe. Twende sasa."

Nasema haya kwa sababu msibani watu humpamba marehemu, wakasema alijua kila kitu. Twalibu hakujua kila kitu. Mara nyingi alizobaki nyumbani hakuna kilichotokea, wenzake walikwenda wakarudi salama na vicheko vyao. Naye alicheka pamoja nao. Nilimwuliza siku moja anatofautishaje moyo na woga, maana sisi sote tulikuwa na woga, tuliulala na kuuamkia. Alifikiri kidogo, akiwa ameshika kikombe.

"Woga unapiga kelele," akasema. "Unakuletea maneno mengi, utakufa, wataumia watoto, namna hii na namna ile. Ile nyingine haina maneno. Inasema polepole, mara moja, halafu inakaa. Mi nangoja woga imalize kelele, halafu naangalia kama kuna kitu kimebaki."

Nilimwambia hiyo ni falsafa. Akaniambia hiyo ni gereji.

Jumapili moja, mwezi wa tatu mwaka 1998, Sylvère alisimamisha Hiace yake mbele ya mlango wetu. Sylvère alikuwa dereva wa njia ya Gitega, mji wa juu milimani, na gari lake Twalibu ndiye aliyelitunza. Alileta habari za mama yetu. Bi Mwanasiti aliishi Gitega kwa ndugu zake tangu baba alipofariki. Sylvère alisema mama ana homa kali, hali chakula, hasimami, na ametoa neno kwamba Twalibu aje amteremshe Bujumbura. Alitaja jina la Twalibu, si langu. Mtoto wa kwanza ndiye wa kumbeba mzazi, na kwetu hilo halijadiliwi.

"Nitapanda Alhamisi na msafara," Sylvère akasema. "Nikuwekee nafasi?"

Twalibu alifuta mikono kwa kitambaa. Alitazama chini. Njia ya juu kupitia Bugarama ilikuwa njia ya kifo. Magari yalipanda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na bado kila baada ya siku chache tulisikia gari fulani limepigwa kwenye kona fulani. Wengine walipanda na kushuka mara mia bila kuona kitu. Hapakuwa na mtu wa kukuambia siku gani ni ipi.

"Juma lijalo," kaka akasema mwishowe. "Alhamisi hii apana."

"Juma lijalo mama atakuwa anangoja?" nikauliza.

Akaenda kumfungulia Sylvère boneti.

Kwetu, mtu akiwa kati ya mambo mawili asijue lipi lina heri, huswali istikhara. Ni rakaa mbili, kisha dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu amchagulie. Hiyo ni sheria ya dini. Lakini bibi zetu waliongeza lao. Walisema ukishaswali lala, na utaota. Ukiona nyeupe au kijani, nenda. Ukiona nyeusi au nyekundu, kaa. Buyenzi nzima inaamini hivyo. Watu wameoa kwa ndoto, wameachana kwa ndoto, wamefungua duka kwa ndoto.

Twalibu aliswali Jumatatu, hakuota. Aliswali Jumanne, hakuota. Siku ya Jumatano mtu mwingine alitoka Gitega akasema Bi Mwanasiti sasa hamtambui mtu. Jioni ile kaka aliswali tena, uso wake umekuwa wa majivu.

Mimi mchana ule wote nilikuwa natwanga sombe. Majani ya muhogo yana kazi, nilianza saa nne na hadi alasiri mikono yangu ilikuwa kijani mpaka kwenye viwiko. Nilitwanga huku nikilia, nikifikiri mama anakufa peke yake wakati mwanawe anangoja rangi.

Asubuhi ya Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango. Chai yake ilikuwa imepoa. Binti yake Tahani, wa miaka minne, alikuwa amelala kichwa kikiwa kwenye paja la baba yake.

"Umeona nini?" nikamwuliza.

"Sikuona kitu. Siku tatu, sikuona kitu."

"Basi Mungu hakukukataza."

"Lakini moyo ni mzito, Assia. Kama kuna mutu ameikalia."

"Ni woga, kaka."

"Woga imeshamaliza. Hii imebaki."

"Mama anakufa! Utangoja mpaka moyo yako ikae sawa? Na kama haikai?"

Alimpapasa mtoto nywele. Ndipo nikasema.

"Mi nimeota."

Aliinua kichwa. "Umeota nini?"

"Kijani."

"Kijani kabisa?"

"Kijani kabisa."

Alinitazama. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshindwa hoja. "Basi Mungu amepitia kwa mwenye kusoma," akasema. Akamnyanyua Tahani polepole, akanipa nimbebe, akaingia ndani kuvaa.

Sasa naandika ile ndoto kama ilivyokuwa. Niliota nimekaa uani, na mama ananinawisha mikono kwa maji ya birika, na kijani hakitoki. Anasugua, hakitoki. Mama anaanza kulia. Hiyo ndiyo ndoto yote. Ilikuwa sombe. Mikono ilikuwa ya sombe, na hata ndotoni nilijua kwamba ni sombe. Katika ndoto nzima nilichukua neno moja, nikaliacha la mama kulia, nikaliacha la maji yasiyosafisha, nikampelekea kaka yangu lile moja kwenye ngazi.

Sylvère alikuja saa moja na nusu. Twalibu hakupanda mara moja. Alimwambia afungue boneti, akachukua bisibisi yake, akaegemeza, akafumba macho. Abiria walianza kunung'unika. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, kana kwamba anaomba gari liwe na ugonjwa.

"Iko na nini?" Sylvère akauliza.

"Haina kitu. Gari ni nzima. Mi ndio mubovu."

Abiria wakacheka. Sylvère akamsukuma begani. "Panda basi, mugonjwa wangu. Ukifia njiani nitauza spea zako."

Twalibu akacheka pia. Akanipa bisibisi. "Nirudishie kwenye musumari." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Nilirudi ndani nikaitundika ukutani, nikaona moyo wangu mwepesi. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa, naye wa kwake alikuwa ameubeba kwenye gari.

Siku ile haikuleta habari. Sylvère alirudi Ijumaa asubuhi, mkono umefungwa kitambaa, amepanda lori la askari. Twalibu alikuwa ndani ya lori hilo hilo, amefunikwa kwa turubai pamoja na wengine wanne. Walifyatuliwa risasi kwenye kona, mbele ya Bugarama. Waliofyatua hawakuonekana. Yote yalikwisha kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini.

Sylvère alikaa chini ukutani, hakutaka kiti. Alilia kama mtoto mbele ya Miza na mbele yangu.

"Kabla ya ile kona alinigonga kwa bega. Akasema, Sylvère, simama. Mara moja tu. Nikamwambia, kaka, mu msafara haisimamwi, nyuma kuna magari, kuna askari. Akasema, sawa. Akanyamaza. Shemeji Miza, nisamehe. Ningesimama wapi? Niambie, ningesimama wapi?"

Miza alimwambia, "Hakuna pa kusimama, Sylvère."

Wanaume walimwosha, wakamswalia baada ya Ijumaa, wakampeleka. Wanawake kwetu hatuendi makaburini. Tulibaki uani na sufuria za watu na vikombe vya watu. Nilisikia sauti zao zikitaja jina la Mungu, zikipungua kadiri jeneza lilivyokaribia mwisho wa mtaa, kisha sikusikia kitu. Niliosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kabla arobaini haijafika nilikwenda kwa Maalim Khaled aliyenifundisha Kurani nikiwa mdogo. Nilimweleza yote, hata sombe. Nilimwuliza kama nimemwua kaka yangu.

"Siku yake ilifika," akasema. "Hapungukiwi mtu wala hazidishiwi. Hilo unalijua."

"Nalijua, Maalim."

"Na istikhara unaijua. Dua yake unaifundisha watoto. Inataja ndoto mahali gani?"

Haitaji. Mara ngapi nimewakaririsha wasichana wale: ikiwa jambo hili ni shari kwangu, basi liepushe nami, na niepushe nalo mimi. Hakuna ndoto, hakuna rangi. Jibu ni moyo kufunguka au moyo kufungwa, na moyo unaoulizwa ni wa yule aliyeswali. Kaka yangu alijibiwa tangu Jumapili. Hakusoma, lakini alisikia. Mimi niliyesoma nikampelekea mila ya bibi zetu na kuiita neno la Mungu.

Maalim aliona uso wangu, akajuta kuuliza. Aliniambia nitubu. Nimetubu. Natubu kila siku. Lakini kama siku yake ilikuwa imeandikwa, kwa nini aliambiwa? Nani anamgonga mtu mlango ambao hawezi kuufungua? Hilo sikuthubutu kumwuliza Maalim, na Mungu anisamehe kwa kuliandika.

Mama hakufa. Ilikuwa malaria. Homa ilishuka siku ile ile ya Ijumaa tuliyozika. Baada ya majuma matatu alishuka juu ya lori la maharagwe, akateremka kwa miguu yake mwenyewe mbele ya mlango wetu, kanga imejaa vumbi, na akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha Twalibu. Alikaa kitandani. Aliniita nifunge mlango.

"Assia. Nilimwita nikiwa na homa. Sikujua ninachosema. Alikuja kwa moyo wake ao mulimusukuma?"

Nilikuwa nimesimama, mgongo kwenye mlango. Ningeweza kusema. Nilimtazama mikono, imekonda, imeshika ukingo wa godoro la mwanawe.

"Kwa moyo wake, mama."

"Haki ya Mungu?"

"Kwa moyo wake."

"Alhamdulillahi," akasema, na ndipo akaanza kulia.

Aliishi miaka sita tena, na katika miaka hiyo sita alilisema neno hilo kwa kila mgeni. Mwanangu hakusitasita. Mwanangu alikuja kwa moyo wake. Alilisema kwa Miza, alilisema kwa jirani, alilisema kwa Tahani alipokuwa anamsuka. Mimi nilikuwa namimina chai. Mara nyingi nilifungua kinywa, kila mara nikaona bora nimwache na hilo alilonalo, na sijui kama hiyo ilikuwa huruma au ni kijani kingine. Mwaka jana alifariki nalo.

Tangu kaka alipoondoka nami nimejaribu kusikiliza. Sina sikio lake. Nikisimama mlangoni asubuhi nasikia kelele tu, woga juu ya woga, na ukiisha nabaki na uchovu, siwezi kusema kuna kitu kimebaki au hakuna. Nimewahi kurudi ndani bila sababu. Nimewahi kwenda bila sababu. Nimerudi salama mara zote, na sijajua kitu.

Mwaka huu Tahani ana miaka kumi na mmoja. Vita vinakwisha, watu wanasema vimekwisha. Shule yao iliandaa safari ya kwenda Gitega. Alikuwa ameifurahia wiki nzima, kisha asubuhi ya safari akaja jikoni na sare yake, akasimama.

"Shangazi, mi sitaki kwenda."

"Unaumwa?"

"Apana."

"Unaogopa njia?"

Alifikiri. Alifikiri vile vile baba yake alivyofikiri, kichwa kimeinama upande wa kulia. "Apana. Sijui. Moyo haitaki tu."

Nilizima moto. Sikumwuliza zaidi. Nilimwambia avue sare.

Basi lile lilikwenda, likarudi kesho yake na watoto wote, wanaimba hadi mlangoni, wamekula mahindi ya kuchoma, wamepiga picha. Tahani aliwatazama wakishuka, akaingia ndani akalia. Alikaa chini ya ule msumari wenye bisibisi ya baba yake, amekunja magoti.

"Ona sasa! Hakukuwa na kitu! Juu ya nini uliniacha nibaki?"

Nilimkumbuka bwana wa Kiriri na beringi nzima kiganjani mwake. Twalibu alikuwa na jibu. Lakini jibu lile ni la mtu mwenye sikio, nami sina. Akikua nitampa karatasi hizi asome, ajue nani alimsukuma baba yake, naye anihukumu. Siku ile nilimwambia tu anyanyuke akatawadhe, adhuhuri imeingia.